Kubadilisha na Kubadilika: Maneno ya Unasihi Tarime na Serengeti

Kati ya badilisha na badilika kuna tofauti ya sauti moja tu, sh na k. Wanasarufi huiita ya kwanza kauli ya kutendesha na ya pili kauli ya kutendeka. Anayebadilisha lazima awe na mtu au kitu cha kufanyia kazi. Anayebadilika hahitaji mtendaji wa nje, kwa maana jambo lenyewe linatokea ndani yake. Sauti hizo mbili zimebeba swali zito kuliko yote katika kazi ya unasihi: je, mtu anaweza kumbadilisha mwenzake, au anachoweza ni kukaa naye mpaka abadilike? Majibu tunayochagua kila siku, mara nyingi bila kufikiri, yanaonekana katika vitenzi tunavyotumia.

Nchini Tanzania swali hili lina makali ya pekee Tarime na Serengeti, mkoani Mara. Kutoka Sirari, mpakani mwa Kenya, hadi Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, koo nyingi za Wakurya na baadhi ya majirani zao zimekuwa zikikeketa wasichana kama hatua ya kuingia utu uzima. Msimu wenyewe ni likizo ya Desemba, na kwa koo nyingi huangukia miaka inayogawika kwa mbili. Utafiti wa Demografia na Afya wa 2015/16 ulikuta kwamba asilimia 10 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, na mkoani Mara asilimia 32. Ule wa 2022 ulionyesha asilimia 8 kitaifa na 28 kwa Mara. Sheria ipo tangu 1998, pale Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ilipoingiza katika Kanuni ya Adhabu kosa la kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18: kifungo kisichopungua miaka 5 wala kuzidi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili.

Mabadiliko yapo, ila yanakwenda polepole. Katika upole huo ndimo wanamofanya kazi maafisa ustawi wa jamii, maafisa maendeleo ya jamii, askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, walezi wa nyumba salama, walimu, masista na wachungaji. Zana yao kubwa ni maneno. Inafaa tuyakague, moja baada ya jingine, tuone lipi linafungua mlango na lipi linaufunga.

Jina la tendo

Zamani Kiswahili kilisema tohara ya wanawake, na mitaani msemo huo bado husikika. Neno tohara limetoka Kiarabu, kwenye mzizi wa usafi, na ni ndugu wa twahara ya mtu anayejiandaa kuswali. Kulipa tendo hili jina hilo ni kulivika heshima ya usafi. Tena ni kuliweka sawa na tohara ya wanaume, ilhali madhara yake hayafanani hata kidogo: kutokwa damu nyingi, maambukizi, mateso wakati wa kujifungua, na wakati mwingine kifo. Ndiyo sababu waliotetea wasichana wakachagua neno ukeketaji. Kukeketa ni kukata kwa kitu butu, kwa kurudiarudia. Herufi zake zenyewe zinakwaruza sikio. Chaguo lilikuwa sahihi, na katika sheria, magazeti na madarasa libaki hivyohivyo.

Hata hivyo, mnasihi anayeingia nyumbani kwa bibi aliyepitia tendo hilo utotoni, akawapeleka na binti zake wote, anaingia na neno ambalo tayari ni hukumu. Bibi huyo hajawahi kujisemea kwamba alikeketwa. Katika Kikurya chake alipita esaro, akatoka akihesabiwa kuwa mtu mzima. Na msichana asiyepita ana jina lake, omosagane, ambalo Kiswahili cha Mara kimeligeuza kuwa msagane. Ni tusi linalomfuata msichana kisimani, shuleni, hata nyumbani kwa mumewe. Mnasihi mwenye busara hulisikiliza kwanza neno la mwenyeji wake, akauliza lina maana gani kwake, kisha akaleta la kwake. Kuanza na msamiati wa mwenzako hakumaanishi kwamba umekubaliana naye. Kunamaanisha kwamba umekuja kuzungumza na yeye aliye mbele yako, na hukuja kusoma tangazo.

Vitenzi vya kusukuma

Sikiliza sasa vitenzi vinavyotawala mabango na hotuba: elimisha, hamasisha, komesha, tokomeza, badilisha. Mpango wa taifa ulioanza mwaka wa fedha 2017/18 ulibeba kimojawapo katika jina lake, Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili Dhidi ya Wanawake na Watoto. Vyote ni vitenzi vya kutendesha. Kuna anayefanya na kuna anayefanyiwa. Elimu inatoka kwangu inaingia kwako. Hamasa ninayo mimi, wewe unahamasishwa.

Hamasa lenyewe ni neno la vita. Katika Kiarabu ni ushujaa na msisimko wa mapambano, na mshairi Abu Tammam wa karne ya 9 alipokusanya mashairi ya Waarabu wa kale katika diwani iitwayo Hamasa, sura ya kwanza ilihusu ushujaa wa vitani. Ni neno zuri kwa mkutano wa hadhara. Kazi iliyofanywa na magari ya matangazo, ngoma, maigizo na maandamano haiwezi kudharauliwa, kwa kuwa leo ni vigumu kumpata mtu mzima wa Tarime au Mugumu asiyejua kwamba ukeketaji ni kosa la jinai na kwamba unaua.

Hapo ndipo vitenzi hivi vinapofika mwisho wa nguvu zao. Baba anajua sheria, na bado anaogopa kwamba binti asiyekeketwa atapungukiwa ng'ombe wa mahari au atakosa mchumba kabisa. Mama anayakumbuka maumivu yake mwenyewe, na bado anamwogopa mama mkwe. Wazee wa mila, wale wa baraza la inchama, wanapotangaza kwamba msimu umefika, kuna wanaosikia nyuma ya tangazo hilo sauti ya laana. Watu hawa wamekwisha kuelimika na hawajabadilika. Ukiwaelimisha mara ya saba utawachosha tu. Kiswahili kina methali iliyo tayari kwa wasiobadilika namna hiyo: sikio la kufa halisikii dawa. Ni methali ya kumkatia mtu tamaa, na mnasihi akishaitamka moyoni kazi yake imekwisha, maana hakuna anayezungumza kwa bidii na maiti.

Motisha na ari

Waulize watumishi wa umma motisha ni nini, wengi watakutajia posho, nyongeza ya mshahara, nyumba ya mwalimu au cheti cha mfanyakazi bora. Neno lilitoholewa kutoka Kiingereza, na likafika kwetu na mwisho unaofanana na ule wa vitenzi vya kutendesha, kana kwamba lilijua linakokwenda. Kwetu motisha hutolewa. Kuna mwenye kuitoa na mwenye kuipokea, na ikikatwa kazi inalala.

Maana hiyo imeingia hadi kwenye mipango ya kuwasaidia ngariba waishi bila kisu. Ngariba hulipwa kwa kila msichana, na sehemu ya malipo hufika kwa wazee wa mila, kwa hiyo mtu aliyefikiri kuwapa mtaji, mbuzi au cherehani alifikiri jambo la maana. Lakini imeshuhudiwa katika mikoa kadhaa ya nchi hii kwamba baadhi yao walirudi kwenye kisu mradi ulipokwisha. Kisu kilichowekwa chini kwa ajili ya cherehani huweza kuokotwa cherehani ikiharibika. Ngariba anayedumu ni yule aliyepata sababu ambayo hakuna mradi unaoweza kuinunua wala kuikata: mjukuu aliyemfia mikononi, imani mpya, au uchovu wa kusikia vilio. Cherehani humsaidia kuishi na uamuzi huo, lakini haiwezi kumwamulia.

Wengine hupendekeza neno ari, na kwa mara ya kwanza tunakaribia moyo wa mtu. Ari haitolewi na mhasibu. Hata hivyo tulichunguze. Katika Kiarabu, neno tulilolichukua lilimaanisha aibu, fedheha. Kiswahili kimeligeuza likawa bidii ya mtu asiyetaka kuaibika. Kumtia mtu ari kulikuwa kumchoma pale anapoona haya. Sasa fikiri msichana anayeitwa msagane, na baba anayeulizwa kwenye pombe kwa nini binti yake bado ni mtoto. Aibu ndiyo injini ya ukeketaji wenyewe. Mnasihi anayemwaibisha baba huyo ili abadilike anaongeza mafuta kwenye injini ileile, kisha anashangaa kwa nini gari haligeuki.

Mahojiano

Mwanasaikolojia wa Marekani William Miller alichapisha mwaka 1983 makala kuhusu namna ya kuzungumza na watu wenye tatizo la ulevi, na mwaka 1991 yeye na Stephen Rollnick wakatoa kitabu kilichoieneza njia hiyo duniani. Kiini chake ni rahisi kukisema na kigumu kukitenda. Mtu mwenye tabia inayomdhuru huwa na sababu zake mwenyewe za kuiacha, ila zimefunikwa na sababu za kuendelea nayo. Mnasihi akimletea sababu kutoka nje, mtu hujitetea, na kila anapojitetea anajisikia akizitamka sababu za kubaki alipo, naye huzidi kuzisadiki. Mnasihi akimsaidia azitamke mwenyewe sababu za kubadilika, atazisadiki hizo. Utafiti uliochapishwa na Miller na wenzake mwaka 1993 ulikuta kwamba kadiri mshauri alivyombishia mnywaji, ndivyo mnywaji huyo alivyozidi kunywa mwaka mmoja baadaye.

Jina la njia hiyo ukilifasiri neno kwa neno unapata mahojiano ya motisha, na kila neno katika jina hilo linapotosha. Motisha tumeshaiona. Mahojiano nayo kwa Mtanzania ni mambo mawili: mwandishi wa habari na kipaza sauti chake, au polisi. Mtu akisema jirani yake anahojiwa, hakuna anayeuliza na nani. Na Tarime, pamoja na jirani yake Rorya, ni eneo lenye mkoa wake wa kipolisi, ambako watu wa kawaida wamezoea neno hilo katika maana yake ya pili. Usaili haufai pia, maana ni wa kuomba kazi, na anayesailiwa hujisifu. Kudodosa ni kumchimba mtu ili akuambie asilotaka kusema. Maneno yote haya yana mwulizaji anayetafuta kitu kwa faida yake.

Napendekeza mazungumzo ya kuibua nia, na ninalitetea kila neno. Mazungumzo ni ya watu wawili wenye haki sawa ya kusema. Kuibua ni kukitoa juu kitu kilichokuwa kimezama, na aibuaye hadai kwamba yeye ndiye aliyekiweka huko chini. Na nia ni neno lenye mizizi mirefu kuliko motisha na hamasa. Muislamu anajua kwamba ibada haisimami bila nia, na kwamba hakuna mtu anayeweza kumtilia mwenzake nia ya kufunga au ya kuswali. Asiye Muislamu anajua kwamba penye nia pana njia. Kwa wote wawili nia hukaa kwa mwenyewe.

Nia mbili

Lakini mtu anayesita ana nia mbili, na lugha yetu haijawa na huruma naye. Njia mbili zilimshinda fisi, tunasema, tukimcheka. Wasomaji wa Biblia wanamjua mtu wa nia mbili kutoka Waraka wa Yakobo, ambako anakemewa kwa kuyumba kwake. Ni kweli kwamba mtu hawezi kuishi maisha yake yote njia panda. Ila katika unasihi, nia mbili ni habari njema. Baba mwenye nia moja ya kumkeketa binti yake hakai chini kuongea nawe. Anayebishana, anayelalamika, anayesema ndiyo lakini, ameshafika njia panda, na nia ya pili ipo tayari ndani yake ikisubiri kuitwa.

Tuseme afisa ustawi wa jamii, mwanamke kijana, ameketi na mzee mmoja wiki chache kabla ya Desemba. Mazungumzo haya nimeyatunga ili tusikie sarufi yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Najua umekuja kunitisha na polisi."

"Unaona nimekuja kukutisha."

"Kila msimu mnakuja. Binti ni wangu, mila ni yetu. Mwacha asili ni mtumwa."

"Asili ina uzito kwako, baba. Na huyu binti mwenyewe, unamwonaje?"

"Huyu? Huyu ana akili. Mwalimu wake anasema akiendelea hivi atafika mbali. Dada yake naye alikuwa na akili."

"Dada yake."

"Alikatwa, akaolewa mwaka uleule. Uzazi wa kwanza nusura umuue. Tulimbeba usiku hadi hospitali."

"Ulimbeba mwanao usiku, na hujausahau usiku huo. Sasa mdogo wake amefika umri."

"Ndiyo hapo, mwanangu. Silali vizuri. Lakini wazee watasema nini? Mama yangu je?"

"Huku kuna mama na wazee, na heshima yako mbele yao. Huku kuna usiku ule, na binti anayesifiwa na mwalimu."

"Sitaki kuurudia usiku ule."

Afisa hakutaja kifungu cha sheria, wala takwimu, wala madhara. Mzee ndiye aliyeyataja madhara, kwa jina la mwanawe. Hakubishiwa aliposema mwacha asili ni mtumwa. Kama angebishiwa, angeitetea methali hiyo mpaka jua lizame, na dada wa binti asingetajwa. Nia ya pili imeibuka, na imeibuka kwa sauti ya mwenye nyumba.

Angalia pia chombo ambacho Kiswahili kimempa afisa huyu bure. Tuna je mbili. Ya kwanza hutangulia sentensi: je, unajua ukeketaji ni kosa? Jibu lake ni ndiyo au hapana, na mara nyingi ni ndiyo ya kumfukuza mgeni. Ya pili hufuata kitenzi: unamwonaje, ilikuwaje, ungependa iweje? Hiyo haijibiki kwa ndiyo. Je ya mbele hufunga na je ya nyuma hufungua. Mafunzo mengi ya unasihi hutumia saa nzima kueleza tofauti ya swali lililofungwa na swali lililo wazi, na sarufi yetu imeshaieleza kwa silabi moja inayohama mahali.

Na lile jibu la maneno mawili, dada yake, ambalo si swali wala si shauri, liitweje? Vitabu vingine husema kuakisi, neno la mwanga na vioo. Mimi naona kuitikia kunafaa zaidi. Mwenye kuitikia wimbo huyarudia maneno ya mwimbaji na kumpa nafasi ya ubeti unaofuata. Mzungumzaji akiitikiwa vizuri hujisikia akisema, na huko kujisikia ndiko kunakofanya kazi.

Shauri na nasaha

Kazi yote hii nchini imejulikana kwa jina la ushauri nasaha. Jina hilo lilienea katika miaka ya mapambano dhidi ya UKIMWI, hasa vituo vya upimaji wa hiari vilipofunguliwa, kama vile Angaza vya AMREF vilivyoanza mwaka 2001. Siku hizi maandishi ya kitaalamu hupenda unasihi na mnasihi. Ni maneno mazuri kuliko wengi wanavyodhani.

Shauri ni neno la baraza. Mtu hashauri peke yake, watu hushauriana, na kiambishi hicho cha mwisho, -ana, ndicho kauli ya kutendana, njia ya tatu kati ya kutendesha na kutendeka. Wakurya wanaijua njia hiyo kwa jina lao la iritongo, mkutano wa hadhara ambapo mambo ya jamii huzungumzwa mpaka yaeleweke. Nasaha nayo inatoka kwenye mzizi wa Kiarabu wenye maana ya usafi wa nia, kusema kwa mtu ukimtakia mema bila kuchanganya na faida yako. Kwenye mzizi huohuo ndiko ilikotoka toba ya nasuha, toba ya kweli ambayo mtu hana mpango wa kuirudia dhambi yake. Nasaha safi kutoka kwa mmoja, toba safi kutoka kwa mwingine: lugha imeyafunga pamoja.

Lakini shauri lina mtego. Kwa sauti fulani, neno hilohilo huwa la kumtupa mtu: shauri yako! Maana yake, nimekuonya, yatakayokupata usinililie. Ukibadili sauti kidogo, ukasema shauri ni lako, baba, umempa heshima kubwa kuliko zote anayoweza kupewa mtu mzima, ya kukiri kwamba uamuzi uko mikononi mwake na utabaki naye akiuamua. Maneno yaleyale mawili, moja mgongo na jingine uso. Njia ya Miller na Rollnick husisitiza sana kukiri uhuru wa mtu, na Kiswahili kinatukumbusha kwamba uhuru huo unaweza kutamkwa kwa upendo au kwa kususa. Katika nyumba ambazo zimechoka kususiwa na serikali na kutishwa nayo kwa zamu, tofauti hiyo husikika mara moja.

Hiari ya nani?

Hapa lazima tuseme jambo kwa uzito wake. Hiari yashinda utumwa, inasema methali, na unasihi wote umesimama juu yake. Mnywaji akiamua kuacha gongo, ini ni lake. Mtu akiamua kupima virusi, damu ni yake. Lakini mwili unaokeketwa si wa baba anayeshauriwa. Hiari ya mzazi haiwezi kulala juu ya mwili wa mtoto, na mnasihi hawezi kumngoja baba amalize kusita wakati msimu umefika. Sheria ya Mtoto ya 2009 imemweka mtoto chini ya ulinzi wa jamii nzima kwa sababu hiyohiyo.

Kwa hiyo kazi hugawanyika, na inagawanyika vizuri inapofanywa na watu wanaojua wanachokifanya. Msichana analindwa kwanza. Kituo cha Masanga wilayani Tarime kimekuwa kikiwapokea wasichana kambini katika msimu. Rhobi Samwelly, aliyekeketwa akiwa na umri wa miaka 13 na nusura afe, anaongoza shirika la Hope for Girls and Women lenye nyumba salama Mugumu na Butiama. Msichana anayekimbilia huko hahitaji baba yake awe ameshabadilika, anahitaji lango na mlinzi. Akishakuwa salama ndipo unasihi unapoanza kwa upande wa pili. Wazazi huitwa, huzungumzwa nao, mbele ya ustawi wa jamii na polisi, na wengi hufika mahali pa kuahidi kwa maandishi kwamba watampokea binti yao bila kumkeketa wala kumwoza. Wengine hukataa, na msichana hubaki.

Neno linalotumika kwa hatua hiyo ni kupatanisha. Litazame: patana ni kauli ya kutendana, na -isha imekaa juu yake. Mpatanishi husababisha, ila anachosababisha ni jambo ambalo wawili lazima walifanye wenyewe. Katika maneno yote niliyoyapitia, hili ndilo lililobeba kwa haki sehemu mbili za kazi, nguvu ya nje inayolinda na uhuru wa ndani unaobadilika. Sheria ina haki ya kutumia vitenzi vyake vya kutendesha: imzuie ngariba, imwadhibu, imwokoe mtoto. Mnasihi anayeazima vitenzi hivyo hugeuka polisi asiye na pingu, na hupoteza kile ambacho yeye peke yake angeweza kukifanya, yaani kumfanya baba yule awe mlinzi wa binti zake wengine katika misimu ambayo hakuna afisa atakayekuwepo.

Maneno ya kufundishia

Baraza la Kiswahili la Taifa limekuwa likisanifisha istilahi tangu lilipoundwa mwaka 1967, na msamiati wa unasihi unastahili meza yake. Ningeomba lianze na machache. Mazungumzo ya kuibua nia, kwa njia yenyewe. Mwenendo badala ya tabia, pale tunapozungumzia jambo la kubadilika, kwa kuwa tabia kwa asili yake ni maumbile, na mtu akiambiwa abadili tabia husikia anaambiwa awe mtu mwingine, ilhali mwenendo ni namna ya kwenda, na anayekwenda anaweza kugeuka akabaki yeye yule. Kuitikia, kwa kurudisha neno la msemaji. Kauli za kubaki na kauli za kubadilika, kwa sauti mbili anazozitoa mtu wa nia mbili, ili afisa kijana ajifunze kuzitambua masikioni na kujua ipi aiitikie.

Wanaoandaa mafunzo ya maafisa wa Tarime na Serengeti wasingoje kamusi. Wachukue daftari la mnasihi mmoja, wakapigie mstari kila kitenzi alichokitumia kwa mzazi katika wiki moja, wahesabu vya -isha, vya -ana na vya -ika. Hesabu hiyo itawaonyesha kazi inavyofanyika kuliko ripoti yoyote ya idadi ya watu waliofikiwa. Kisha wampeleke mnasihi huyo vijijini mapema, Machi au Aprili ya mwaka wa msimu, wakati wazee wa mila hawajakaa na ng'ombe wa mahari hawajahesabiwa, aende nyumba moja moja, na kila anapotaka kusema je, unajua, ameze je hiyo ya mbele na kuiweka nyuma ya kitenzi.